Televisheni ya Chumba cha Wageni

Televisheni ile ilinunuliwa ili mama asikae sebuleni. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye wenye nyumba walilipaka jambo hili rangi nyingi. Walisema ilikuwa zawadi, walisema ilikuwa heshima kwa mzee. Na mwenye nyumba mwenyewe, kwa kuwa kupaka rangi ndiyo iliyokuwa kazi yake, alikuwa hodari wa mambo hayo.

Mtaani walimwita Mkono wa Pili. Mafundi rangi wengine hupaka rangi mkono mmoja tu, wakachukua chao na kutokomea kabla ukuta haujakauka; yeye hakuondoka kwenye nyumba ya mtu mpaka apake mkono wa pili, hata kama mwenye nyumba amelipia mmoja. Mkewe, aliyekuwa karani wa shule, alimwita Fundi, naye alimwita mkewe Karani. Walianza kuitana hivyo kwa utani enzi za uchumba, majina yakaganda.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, na vyumba vyote vilivaa mabaki ya rangi za wateja. Cha kwao kilikuwa na kijani cha zahanati. Cha watoto, waliokuwa shule ya bweni wote wawili, kilikuwa na bluu ya kituo cha mafuta. Cha tatu kilikuwa na manjano ya ofisi ya bima, na tangu msingi ulipochimbwa kiliitwa chumba cha wageni. Sebule peke yake ndiyo iliyonunuliwa rangi mpya dukani, na Karani ndiye aliyeichagua, baada ya kuzunguka maduka manne.

Mama yake Fundi alipoteleza bafuni huko alikokuwa amepanga na kuvunjika kifundo cha mkono, mwanawe alimleta hapa, akamweka chumba cha wageni. Ilikuwa iwe wiki sita, mpaka mfupa uunge. Mfupa uliunga, mwezi wa nane wa kukaa kwake ukaingia, na hakuna aliyesema neno juu ya kuondoka. Wala hakuna aliyekumbuka kukibadilisha chumba jina. "Ufagio uko wapi?" "Uko chumba cha wageni, kwa mama." Ndivyo walivyosema kila siku, bila ubaya wowote.

Alichotaka Fundi kilikuwa kimoja tu: mama yake azeekee chini ya paa lake, si kwa dada yake mwenye chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Alichotaka Karani ni sebule yake. Mtu angedhani mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

* * *

Jumapili moja Mwalimu Mkuu na mkewe walikuja kuwatembelea. Karani alikuwa anasubiri kupandishwa kuwa mhasibu wa shule, na barua ya mapendekezo ilikuwa mezani kwa Mwalimu Mkuu, bado haijatiwa sahihi. Siku hiyo sebule ilipigwa deki mara mbili. Mama aliombwa avae gauni lake la zambarau, akalivaa, akakaa kwenye kiti chake karibu na televisheni, maana masikio yalikuwa yameanza kumtupa, akakunja mikono mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka taarifa ya habari.

"Habari za jioni, mtazamaji," alisema mtangazaji.

"Nzuri, mwanangu," mama akajibu. "Za kwenu huko?"

Kwao hilo lilikuwa jambo la kila siku. Mama hakuwa amechanganyikiwa. Alijua vizuri kwamba yule msichana yuko ndani ya kioo na hamsikii. Lakini salamu ni salamu, alisema, na mtu akikusalimu ukanyamaza, mwenye dosari ni wewe. Mwalimu Mkuu alicheka mpaka akatoa leso. Mkewe naye akacheka, kile kicheko cha kumwonea mtu huruma, na hicho ndicho kilichomuuma Karani.

"Mama anatufurahisha sana," Fundi akasema haraka.

"Amekonda huyu," mama akaendelea, akimwonyesha mtangazaji kwa kidole. "Wiki nzima macho mekundu. Kuna mtu anamsumbua huko kwake." Kisha akamgeukia mgeni, maana si adabu kumwacha mgeni nje ya mazungumzo. "Nawe, mwalimu, nimefurahi kukuona kwa macho. Mkwe wangu anakutaja kila siku."

"Kumbe?" Mwalimu Mkuu akasema, leso bado mkononi. "Ananitajaje, mama?"

Karani akasimama, akaanza kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Anasema barua moja unaiandika wiki nzima, na ukishamaliza inabidi yeye aiandike upya. Nikamwambia, mwanangu, kila mtu na kipaji chake. Mvumilie."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu aliikunja leso mara nne, akairudisha mfukoni, akasifia rangi ya ukuta. Waliaga kabla chai haijapoa.

* * *

Jikoni, Karani aliviosha vikombe ambavyo wageni hawakuvigusa.

"Sisemi aondoke," alisema. "Mungu ni shahidi wangu, Fundi, sijasema aondoke. Nani anamsugua mgongo? Nani anamkata kucha?"

"Ni wewe."

"Ni mimi. Na nitaendelea. Lakini miaka kumi na moja nafungua mafaili ya watu pale shuleni. Kumi na moja. Asubuhi ya leo nilikuwa naelekea kuwa mhasibu, sasa hivi sijui hata kesho naingiaje mle ofisini."

"Ni mzee yule. Hakukusudia."

"Najua hakukusudia. Angekusudia ningemjibu."

Fundi aliendelea kubandua rangi iliyokauka kwenye kucha zake. Akasema ataongea na mama. Karani akaacha vikombe, akamgeukia.

"Utaongea naye? Wewe?"

Kwa haki kabisa, lilikuwa swali la maana. Fundi aliweza kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kamba, lakini katika maisha yake hakuwahi kumwambia mtu jambo ambalo mtu huyo hataki kulisikia. Mteja akichagua rangi mbaya, yeye husema itakaa vizuri. Watoto wakimuuliza kama mbwa wao aliyepotea atarudi, yeye husema huenda yuko njiani.

"Mnunulie tivii yake," Karani akasema mwishowe. "Ndogo. Ya bei nafuu. Iwekwe kule chumba cha wageni. Atatazama anachotaka, atawajibu anaotaka kuwajibu. Na isiwe ya kelele, maana ukuta ule mwembamba."

Fundi alipata ahueni kubwa. Jambo likiweza kununuliwa halina haja ya kusemwa; ndivyo alivyojidanganya, na si yeye wa kwanza.

* * *

Muuzaji wa televisheni za mtumba alikuwa na duka jembamba, skrini kushoto na kulia, zote zikionyesha mpira uleule, wachezaji wa upande huu wakiwa na nyuso nyekundu kidogo na wa upande ule za kijani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, kama walivyo wauzaji wa vitu visivyo na dhamana.

"Ya sebuleni?"

"Hapana. Ya chumba cha wageni."

"Ahaa. Basi usihangaike na hizi kubwa. Mgeni ukimwekea tivii kubwa, umemwambia ahamie." Akacheka, akatoa ndogo iliyokuwa nyuma ya nyingine, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Chukua hii. Inchi kumi na tisa. Siku mbili ataifurahia, ya tatu ataizoea, ya nne mwenyewe atatafuta nauli."

Fundi naye akacheka. Alicheka kwa sababu mwenzake amecheka, basi. Miezi mingi baadaye, akiwa juu ya ngazi na brashi mkononi, kicheko hicho kilikuwa kinamrudia, na kila kikirudi alikuwa anaona haya peke yake huko juu.

"Nisikufiche, fundi," muuzaji akasema. "Ina kasoro moja. Sauti yake haipandi. Spika zimechoka." Akabonyeza rimoti hadi mwisho, sauti ikatoka kama ya mtu anayezungumza akiwa ndani ya blanketi. "Ndiyo maana bei yake iko chini. Huyo mgeni wako ana masikio mazuri?"

Fundi aliinama akasikiliza. Akapiga hatua mbili kurudi nyuma, kisha tatu. Alipofika mlangoni hakusikia kitu. Aliufikiria ule ukuta mwembamba. Kisha akayafikiria masikio ya mama yake, kwa muda mfupi sana, kama mtu anayeharakisha kupita mbele ya mlango wa jirani waliyegombana naye.

"Hii ndiyo ninayoitaka," akasema.

Muuzaji hakuwahi kuona kasoro inayonunuliwa kwa haraka namna ile. Akamwongezea waya wa antena bure.

* * *

Alifika nayo nyumbani Jumanne mchana. Mama alikuwa peke yake, anashona kifungo cha shati la mwanawe kwa mkono mzima, ule mwingine ukishikilia kitambaa tu.

"Umenunua tivii nyingine, baba? Ile imeharibika?"

"Haijaharibika, mama. Hii ni ya chumba cha wageni."

Hapo ndipo alipopaswa kuongeza maneno mawili: ni yako. Maneno mawili tu, mtoto wa chekechea anayaweza. Lakini alijua kwamba yakitoka hayo litafuata swali, kwa nini nisitazame hii ya hapa, na jibu la swali hilo hakutaka hata kulisikia mwenyewe. Basi akampita, akaingia chumba cha manjano na kuiweka juu ya kabati dogo miguuni pa kitanda. Mama aliacha kushona, akamfuata, akasimama mlangoni.

"Kuna mgeni anakuja?"

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kabati anatafuta soketi ya umeme. "Eeh," akasema.

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke."

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima, mama. Mtu wa heshima."

"Atakaa sana?"

"Sisi tunaomba akae."

Alikuwa anatabasamu huko nyuma ya kabati. Alidhani mama ameshaelewa na anamtania, kama alivyokuwa akimtania utotoni, akificha kitu mgongoni na kumuuliza ni cha nani. Alipoinuka, na vumbi magotini, mama hakuwa anatabasamu. Alikuwa anakikagua chumba kwa macho ya mwenye nyumba: pazia, shuka, kona za dari.

"Mbona hamkuniambia mapema," alisema. "Shuka hizi nimezilalia wiki nzima."

"Usijisumbue, mama."

"Nisijisumbue vipi na mgeni anakuja?"

Kitu kilimgusa Fundi hapo, kitu kidogo, kikamwambia simama useme. Akatazama saa. Kulikuwa na korido ya mteja inasubiri mkono wa pili. Alisema atachelewa, akashika njia.

* * *

Aliporudi jua lilikuwa linazama. Kwenye kamba ya uani zilining'inia shuka, mapazia na foronya, zote zimefuliwa kwa mkono. Karani alikuwa amefika kabla yake. Alisimama mlango wa stoo, mkoba bado begani.

"Njoo uone," akasema kwa sauti ya chini.

Stoo ilikuwa pembeni mwa jiko, haina dirisha, mahali pa kuwekea madebe. Mama alikuwa ameyapanga madebe yote upande mmoja, makubwa chini, madogo juu. Katika nafasi iliyobaki, upana wa mtu mmoja akilala ubavu, alikuwa ametandika blanketi mbili. Mahali pa mto aliweka begi lake la nguo. Kwenye msumari wa kutundikia brashi alitundika gauni lake la kila siku, na juu ya debe la rangi ya manjano, ile ya bima, alipanga dawa zake za presha na kikombe cha maji.

"Umemwambia nini?" Karani akauliza.

"Sijamwambia kitu."

"Ndiyo maana," Karani akasema.

Mama alikuwa sebuleni. Alikuwa amevaa gauni la zambarau, amejipaka mafuta usoni, amekaa akiutazama mlango. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba kwa kufua mpaka bangili imezama.

"Nilidhani mtakuja naye," alisema. "Chumba kiko tayari. Nimekipiga deki, nimemtolea na ile taulo mpya ya kabatini. Mkwe wangu utanisamehe, nimeitoa bila kuuliza. Mimi nitakaa pale stoo, chumba cha watoto hakiingiliwi wenyewe hawapo; msihangaike na mimi. Siku chache si kitu. Na harufu ya rangi naijua, nguo za huyu nilizifua mimi miaka yote kabla hujazifua wewe."

"Mama..." Karani alianza. Akamtazama mumewe.

"Anafika saa ngapi?" mama akauliza.

Kulikuwa na njia nyingi za kulisema jambo lile. Angeweza kukaa chini karibu naye. Angeweza kuushika ule mkono uliovimba. Fundi akachagua utani, kama kawaida yake. Akacheka, akapiga kofi moja, akasema, "Si ameshafika, mama. Mgeni ni wewe. Tivii ni yako."

Mama naye akacheka, kwa kuwa mwanawe anacheka. Kisha kicheko chake kikaanza kupungua, kidogo kidogo, nao wakawa wanakiona kinavyopungua na hawana la kufanya. Aliitazama televisheni kubwa. Akakitazama kiti chake kilichokuwa karibu nayo. Hakuwa mjinga mama yule. Aliiunganisha Jumapili na Jumanne bila kusaidiwa na mtu.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Mama, si kwa ubaya. Tuliona upate nafasi yako, utazame unachotaka..."

"Hapana, baba, nimeelewa. Basi nimejitandikia mwenyewe." Akaushika mkono wake uliovimba kwa ule mzima. "Na nimetandika vizuri, maana uliniambia ni mtu wa heshima."

Karani akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akalia huku amejiziba mdomo kwa kanga. Fundi alibaki akirudisha vitu kutoka stoo: begi, blanketi, dawa, kikombe. Kila alichokileta, mama alisema asante. Mara ya nne Fundi akatamani mama amtukane.

* * *

Kuanzia hapo akawa mgeni. Hakununa; angenuna, ingekuwa rahisi, maana mama akinuna mtoto hujua pa kuanzia. Alikuwa mgeni mwema. Zamani aliingia jikoni na kufunua sufuria zote, akaonja, akasema chumvi haitoshi. Sasa alisimama kizingitini na kusema hodi, akangoja akaribishwe. Aliomba ruhusa ya kutumia bafu, kama hakuna mwenye haraka. Akimaliza kula alisema, "Nimeshiba, ahsanteni sana, nimekula vizuri," na sahani yake aliiacha mezani kama aachavyo mgeni, baada ya miezi minane ya kugombania kuosha vyombo.

Kiti chake sebuleni kilikaa kitupu. Siku ya tatu Karani alimfuata chumbani.

"Mama, njoo ukae na sisi. Habari zinaanza."

"Nimeshatengewa mahali pangu, mwanangu," mama akajibu, kwa upole kabisa. "Nyinyi pumzikeni. Mmetoka kazini."

Karani alirudi, akakaa, akaizima televisheni kubwa. Akasikiliza. Upande wa pili wa ukuta mwembamba hakukuwa na sauti yoyote, wala ya mtangazaji wala ya mtu wa kumjibu. Sebule ilikuwa tulivu vile alivyoitaka, na hakuweza kukaa ndani yake. Akaenda kukaa uani.

Jioni nyingine Fundi aliingia kumwona. Mama alikuwa ukingoni mwa kitanda, amesogea mbele mpaka paji la uso limekaribia kugusa kioo, ameelekeza sikio lake la kulia kwenye kile kisanduku. Rimoti ilikuwa mapajani. Mistari ya sauti ilikuwa imejaa yote.

"Unasikia, mama?"

"Picha zake nzuri," mama akasema. "Rangi zote zipo."

"Spika zake zina tatizo. Naweza kuirudisha. Nitaibadilisha kesho."

"Iache tu, baba. Mmejitahidi."

Mmejitahidi. Hilo ndilo neno analoambiwa mtu aliyekukaribisha kwake akakupa alichonacho. Fundi alisimama pale, mikono imening'inia, na kwa mara ya kwanza maishani akatamani mama yake ampige.

* * *

Ijumaa ya wiki iliyofuata Karani alirudi mapema, barua mkononi. Bahasha yake hakuwa ameifungua vizuri, alikuwa ameipasua kama mtoto, akamwonyesha mumewe barua hiyo uani. Alikuwa mhasibu. Sahihi ilikuwa pale chini, na kando ya sahihi kulikuwa na tarehe.

"Soma tarehe," akasema.

Fundi akasoma. Ilikuwa Jumatatu, ile Jumatatu iliyofuata baada ya wageni kuja. Barua ilitiwa sahihi siku moja kabla televisheni haijanunuliwa, ikawa inazunguka maofisini kutafuta mihuri.

"Na unajua Mwalimu Mkuu ameniambia nini? Amesema, msalimie mama, mwambie nimeanza kuandika haraka." Karani alijaribu kucheka, uso ukamgeuka. "Alikuwa anacheka, Fundi. Siku zote hizi alikuwa anacheka."

Aliingia chumba cha manjano bila kubisha hodi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akamwambia yote, la barua na la Mwalimu Mkuu, na kwamba tivii ile ni yeye aliyesema inunuliwe. Akaomba radhi. Mama alifurahi kweli. Alimshika kichwa, akamwombea dua, akamwambia amestahili, maana tangu lini mwenye kuandika barua zote akaitwa karani tu.

"Basi nisamehe, rudi sebuleni, mama."

"Nikusamehe nini, mwanangu, hujanikosea mimi. Umenisugua mgongo miezi minane." Akanyoosha shuka ambayo haikuwa na kikunjo. "Nilimpigia wifi yako jana. Nimemwambia nilikuja huku kutembea tu, sasa nahamia kwake. Kesho asubuhi naaga."

* * *

Asubuhi walimkuta sebuleni amevaa, begi miguuni. Hakuwa amekaa kwenye kiti chake. Alikuwa kwenye kochi kubwa, pale alipokaa Mwalimu Mkuu, amekaa mbele mbele, kama mtu asiyetaka kuzoea.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Mmenikirimu sana. Mungu awaongezee."

"Mama, huagi," Karani akasema. "Unamuaga nani? Hapa ni kwako."

"Mama, hii nyumba ni yako," Fundi akasema. Alikuwa na miezi minane ya kulisema hilo, na sasa lilipotoka lilisikika kama ahadi ya fundi aliyechelewa kazi.

"Najua, baba. Nyumba ya mtoto ni ya mama yake, nani anakataa? Lakini chumba kina jina lake. Mlikipa nyinyi, wala si kosa, kila chumba lazima kiitwe kitu." Akasimama kwa kuegemea goti. "Kwa dada yako hakuna chumba cha wageni. Kuna pazia. Ukilala upande huu au ukilala upande ule, wewe ni wa humo humo. Watanipiga mateke usiku, najua, ana watoto wanaolala kama punda. Nitawapiga na mimi."

Fundi akasema basi angalau achukue tivii, yeye mwenyewe ataibeba.

"Iacheni," mama akasema. "Atakuja mgeni."

Alimuaga Karani mlangoni. Karani alimng'ang'ania, naye alimwachia ang'ang'anie, akimpigapiga mgongoni polepole mpaka alipochoka kulia. Kisha akatoka, na Fundi akabeba begi akamsindikiza.

Walitembea bila haraka. Mama alisalimia majirani wote, mmoja mmoja, akawaambia anarudi nyumbani. Fundi alikuwa na maneno tele kifuani. Alitaka kumwambia juu ya muuzaji na kicheko, juu ya sauti ambayo haipandi na jinsi alivyoichagua kwa sababu hiyo hiyo. Aliyapanga, akayapangua. Walipofika njia panda, dada yake alikuwa ng'ambo ya barabara, anawapungia mkono, na maneno yalikuwa bado hayajaanza kutoka.

"Ishia hapa," mama akasema, akalichukua begi. "Utachelewa kazini."

Akampa mkono. Mama yake hakuwahi kumpa mkono. Alikuwa mtu wa kumvuta sikio, kumpangusa uso kwa kiganja, kumnyoosha kola hadharani mbele za watu. Fundi aliupokea mkono huo, ule wenye kifundo kilichovimba, akausikia mwepesi na mkavu.

"Haya," mama akasema. "Nashukuru kwa yote. Na nyinyi siku moja mkaribie kwetu."

Maneno hayo Fundi alikuwa ameyasikia mara elfu, mlangoni kwake, kutoka kwa kila mgeni aliyewahi kuaga, na yana jibu lake ambalo ulimi unalijua bila kuuliza moyo. Likatoka kabla hajaweza kulizuia.

"Tumekaribia," akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akavuka barabara.